Sura ya Tano: Watoto Walioitwa Furaha

Chukua daftari la mahudhurio la darasa lolote mjini Garissa ulisome kwa sauti, jina baada ya jina. Hutafika mbali kabla hujampata Farah. Nyuma yake watakuja Warsame, Bishara, Roble, Hodan, Ladan, Ayan na, ukibahatika, msichana aitwaye Barwaqo. Sasa yaweke majina hayo katika Kiswahili. Furaha. Habari Njema. Habari Njema tena, ila kwa neno la Kiarabu. Aliyezaliwa Siku za Mvua. Mwenye Ukwasi. Mzima wa Afya. Bahati. Na huyo Barwaqo, ambaye jina lake halitafsiriki kwa neno moja, nitamfikia baadaye kidogo.

Mgeni asiyeijua kaskazini mashariki mwa Kenya angedhani wazazi hawa wanaishi mahali ambapo dhiki haijawahi kupiga hodi. Anayeijua atashangaa zaidi. Karibu kila kilichoandikwa kuhusu Garissa, Wajir na Mandera ni maandishi ya msiba: vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, kuchomwa kwa Bulla Karatasi mjini Garissa mnamo Novemba 1980, mauaji kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984, Chuo Kikuu cha Garissa, alfajiri ya Aprili 2, 2015, walipouawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Mambo hayo yaandikwe, na yakishaandikwa yaandikwe tena. Lakini jamii haiwezi kujulikana kwa vilio vyake peke yake. Watu hawa wana msamiati wa furaha ulio mpana na wenye kina, nao haujaandikiwa hata robo ya yale yaliyoandikiwa maombolezo.

Nimeufuatilia msamiati huo kwa muda, na jambo moja limenikaa. Katika nchi kame, furaha ni habari. Haichipuki tu kifuani mwa mtu ikaishia humo. Inatoka mahali, inaletwa na mtu, na kabla ya kupokewa huulizwa maswali: umeiona mwenyewe, au umeambiwa?

Tuanze na lile lililo jirani na Kiswahili. Farah na furaha ni ndugu wa baba mmoja. Yote mawili yanatokana na mzizi wa Kiarabu wa herufi tatu, fa, ra na ile ha inayotoka kooni. Waswahili walilipokea neno hili pwani, wakalilainisha, wakalipa irabu zinazokaa vizuri mdomoni mwa Mbantu. Wasomali walilipokea kwa njia yao, kupitia dini na biashara ya Ghuba ya Aden, wakaitunza sauti ya kooni. Kisomali kilipopata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, sauti hiyo iliandikwa kwa x. Ndiyo maana katika vitabu vya Mogadishu utakuta Farax na farxad, ilhali kitambulisho cha Kenya kinaandika Farah. Hapo Garissa, mvuvi Mpokomo wa Mto Tana akisema ana furaha na mfugaji Msomali akisema ana farxad, kila mmoja anadhani anatumia lugha ya mama yake, na wote wawili wana haki ya kudhani hivyo.

Jina hilo limetembea. Liko kwenye majalada ya riwaya za Nuruddin Farah, aliyezaliwa Baidoa mwaka 1945. Lilitangazwa na vipaza sauti vya uwanja wa Olimpiki London mwaka 2012, Mo Farah aliposhinda mita 10,000 kisha mita 5,000. Miaka kumi baadaye, Julai 2022, mwanariadha huyo aliieleza dunia kwamba alizaliwa akiitwa Hussein Abdi Kahin, na kwamba alipelekwa Uingereza utotoni kwa jina la mtoto mwingine. Umma wote ule ulikuwa ukishangilia kwa jina la furaha ambalo lilichukuliwa kwa mtoto ambaye haukumjua. Sijui habari nyingine inayoonyesha wazi kiasi hicho jinsi jina jema linavyoweza kubeba mzigo.

Watoto wa duksi, shule za Kurani za Garissa, hujifunza mapema kwamba neno hili lina pande mbili. Katika Surat Yunus, waumini wanaambiwa wafurahie fadhila na rehema za Mungu. Katika Surat al-Qasas, kwa mzizi ule ule, Qaruni anaonywa na watu wake asifurahi, naye alikuwa tajiri ambaye funguo tu za hazina zake ziliwaelemea watu wenye nguvu. Kosa lake lilikuwa kujiona kwamba alichopata amekipata kwa ujuzi wake. Basi furaha inayopokewa kama fadhila ni ibada, na furaha inayojisifu ni mwanzo wa kuanguka. Mafunzo haya utayaona kazini ukimuuliza mfugaji ana ngamia wangapi. Hatakujibu. Atasema wapo, atamshukuru Mungu, atakuuliza habari za nyumbani kwako. Mgeni anayeendelea kudai idadi anaonekana hakulelewa.

Kiswahili nacho kina neno faraja, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni kufunguka kwa kilichokuwa kimebana. Waliotunga methali ya kwamba baada ya dhiki huja faraja hawakuwa wakizungumza juu ya Garissa, lakini naona neno hilo linaikaa Garissa vizuri kuliko furaha yenyewe.

Sasa Barwaqo. Kisomali kina maneno ya furaha ambayo hayakuvuka bahari yoyote. Kuna riyaaq. Kuna rayrayn, furaha inayomfanya mtu ashindwe kukaa kitako. Na kuna barwaaqo, ambayo kamusi huieleza kama neema au ustawi, zikaishia hapo. Muulize mtu aliyekulia bomani na atakueleza kwa mambo yanayoonekana: mvua imenyesha na imeshiba, majani yamefika kwenye goti la ngamia, wanyama wamezaa, maziwa ni mengi kuliko vinywa, hakuna anayegombana na mtu kwa ajili ya kisima, kwa kuwa maji yako kila mahali, vijana wanaoa. Hayo yote kwa pamoja ndiyo barwaaqo. Ikipungua moja, haijatimia.

Wengi wanaolichambua neno hilo huona ndani yake jina la Waaq, Mungu wa mbinguni aliyetajwa na watu wa jamii za Kikushi kabla ya Uislamu. Waborana na Waorma, na Wamunyoyaya wa kingo za Tana, wangali wakimwita Mungu kwa jina hilo, Waaqa. Kaskazini zaidi, katika Kaunti ya Mandera, upo mji wa El Wak, na maana yake ni visima vya Waaq. Karne nyingi za Uislamu zimepita, misikiti imejengwa, wana wameitwa Abdullahi na Abdirahman, na hakuna anayemwabudu mwingine. Lakini palipo na maji, na palipo na neno la neema, jina la kale lilibaki. Mimi sioni katika hilo mabaki ya ushirikina, kama wanavyohofu baadhi ya wahubiri. Naona uthibitisho kwamba watu hawa walikuwa wakishukuru kwa ajili ya mvua tangu zamani sana.

Kuielewa barwaaqo lazima kuielewa mvua yenyewe. Mwaka wa mfugaji una vipindi vinne. Gu ni masika, tangu Aprili hadi Juni. Hagaa ni upepo na vumbi hadi Septemba. Deyr ni vuli, Oktoba hadi Desemba. Kisha Jilaal, ukavu mkali wa Januari hadi Machi, ambao wazee huuogopa kwa jina. Garissa hupata kiasi cha milimita 300 za mvua kwa mwaka, na mwaka mbaya haifiki hata hapo. Kericho, kwenye majani chai, hupata kiasi hicho ndani ya miezi miwili. Tena mvua ya huku hainyeshi kwa usawa. Wingu linapita juu ya kijiji kimoja linakiruka, linamwaga kwa jirani, linatokomea. Unaweza kusimama kwenye vumbi ukaona umeme upande wa Somalia usiku kucha, na asubuhi ukose hata harufu ya unyevu.

Hapo ndipo habari inapokuwa mali. Wasomali wana desturi ya sahan: mtu mwenye macho na miguu anatumwa kutafuta mvua ilikonyesha, kuangalia majani, kuonja maji, kujua ni ukoo gani uko huko na kama kuna amani, kisha kurudi na ripoti. Kambi nzima hung'oka au hubaki kwa neno lake. Ndipo unaelewa kwa nini mtoto anaitwa Warsame, Habari Njema, na kwa nini salamu za Kisomali huomba taarifa. Mtu hukuuliza kwanza kama ni amani. Kisha hukutaka uitoe habari yako, nawe unaanza: watu wazima, mifugo mizima, mvua imenyesha pale au haikunyesha. Nusu ya salamu hizo siku hizi huenda kwa simu, na waendesha bodaboda wanafanya kazi ya sahan kwa siku moja ambayo zamani ilimchukua mtu wiki. Maswali hayajabadilika. Bado anayepokea habari ya mvua huuliza kama mwenzake ameiona kwa macho.

Tangu vuli ya 2020 mpaka ile ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Hakuna aliyekuwa hai aliyekumbuka ukame uliofuatana hivyo. Katika maeneo kame ya Kenya ilikufa mifugo zaidi ya milioni 2.5. Kandokando ya barabara za Wajir na Garissa mizoga ilikauka kabla ya kuoza. Familia zilizokuwa na mamia ya ng'ombe zilihamia pembezoni mwa miji, wanaume wakawa hawana cha kuswaga asubuhi. Kisha Machi na Aprili 2023 mvua ikaja.

Mtu wa mjini hudhani kwamba siku mvua inaponyesha shida huisha. Furaha ya mvua ina ratiba yake, na inafaa kuijua. Siku ya kwanza ni maji: malambo yanajaa, safari ya kutwa nzima kwenda kisimani inafutika. Baada ya wiki mbili au tatu ni majani. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, kwa hiyo maziwa ya mbuzi yanaweza kuonekana kabla ya mwaka kwisha. Ngamia ndiye anayejaribu subira ya watu. Hupandwa wanyama wakiwa wameshiba, yaani wakati wa mvua, na hubeba mimba kwa karibu miezi 13. Ngamia aliyepandwa Mei 2023 alizaa katikati ya 2024. Kwa mwaka mzima baada ya mvua, mwenye ngamia alikuwa akitembea katikati ya majani mabichi bila maziwa, akihesabu miezi. Ndiyo sababu ngamia akishazaa, akaanza kukamuliwa mwaka mzima na zaidi bila kukatika, watu humpenda kwa namna ambayo mfugaji wa ng'ombe wa gredi pale Kiambu angeiona ya ajabu. Nasaba ya ngamia hujulikana mama kwa mama, na beti zimetungwa kumsifu kuliko zilizotungwa kwa mnyama mwingine yeyote.

Ukamuaji wenyewe ni wa kutazama. Ndama huachwa kwanza anyonye kidogo ili mama aachilie. Mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja, wayo umeegemea goti, na chombo kimekaa juu ya paja. Mara nyingi huwa wawili, kila mmoja upande wake, kwa sababu ngamia huachilia maziwa kwa muda mfupi sana, na akishafunga amefunga. Hakuna anayezungumza kwa sauti. Povu linapanda juu ya ukingo wa chombo, jeupe, zito, na linabaki limesimama.

Mjini Garissa maziwa hayo yako mikononi mwa wanawake. Hufika asubuhi kwa pikipiki na magari madogo, katika madumu ya plastiki ya manjano, na wanawake huyapima kwa vikombe huku wakimjua kila mteja na deni lake. Nilimuuliza mmoja wao swali ambalo bila shaka ameulizwa na kila mtu wa bara aliyewahi kusimama mbele yake.

"Eedo, shangazi, mbona maziwa yana ladha ya moshi?"

"Chombo kimefukizwa," alisema. "Yasiyo na moshi hayalali."

Hayalali, maana yake hayafiki kesho. Vijiti vya mti uliochaguliwa huwashwa, makaa yake hutiwa ndani ya chombo, kinafunikwa, kinatikiswa, majivu yanamwagwa na chombo kinafutwa. Moshi huua vijidudu na kuacha harufu ambayo mtu aliyezaliwa huku akiikosa Nairobi huona kama hajanywa maziwa. Yakiachwa yachache yanakuwa susa, na susa ya ngamia katika joto la Garissa la nyuzi 36 haina mshindani. Wasomali wana msemo unaoweka amani na maziwa pamoja, na upande wa pili ukaweka vita na ukame. Zamani niliuchukulia kama mapambo ya maneno. Lakini fikiria: maziwa yanahitaji wanyama watawanyike kwenye malisho, na wanyama hawawezi kutawanyika kama kuna anayewavizia. Dumu la manjano likifika sokoni limejaa, umepata ripoti ya usalama ya huko lilikotoka.

Tena maziwa hayawi ya mtu mmoja. Aliyepoteza wanyama wake hukopeshwa mbuzi au ngamia anayekamuliwa na jamaa zake. Anakunywa maziwa, anamrudisha mnyama baadaye. Jamii nyingi zilivuka ukame wa 2022 kwa mikopo ya namna hiyo kabla ya gari lolote la msaada kufika. Tajiri aliye peke yake katikati ya majirani wenye njaa hawezi kusema ana barwaaqo, hata kama malisho yake ni mabichi, kwa kuwa kesho majirani hao wataingia humo, naye atalazimika kuchagua kati ya kuwapokea na kupigana nao.

Mvua yenyewe ina ncha kali. Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zilipoigeuza Garissa kuwa ziwa, wanyama walianza kutupa mimba na watu wakaanza kufa wakivuja damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa. Mbu wanaoibeba hutaga mayai kwenye udongo wa mabonde yanayojaa maji, na mayai hayo hukaa miaka kwenye ukavu yakisubiri mafuriko. Ugonjwa ukarudi mwishoni mwa 2006, kwa sababu zile zile, mahali pale pale. Wafugaji walikuwa na jina lake, sandik, damu ya pua, na wachunguzi waliokuja baadaye walikuta kwamba wazee walikuwa wameshaunganisha mvua nyingi kupita kiasi, mbu na mimba kutoka kabla ya maabara kuthibitisha. Kwa hiyo katika mvua kubwa utamwona mzee akimshukuru Mungu na papo hapo akikagua pua za mbuzi wake. Shukrani yake ni ya kweli, na hofu yake ni ya kweli.

Mto Tana nao una jambo lake. Unaweza kufurika Garissa pasipo tone lililonyesha Garissa, kwa maji ya Mlima Kenya na Aberdare na yale yanayozidi kwenye mabwawa ya juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere. Novemba 2023, miezi michache tu baada ya ukame kukatika, na tena Aprili 2024, maji yalimeza mashamba ya ndizi na matikiti, yakakata barabara kati ya Garissa na Madogo, na watu wakazama mashua ilipopinduka wakijaribu kuvuka. Waliolilia maji miaka mitatu walizika waliouawa na maji.

Nimekuwa nikilinganisha haya yote na Kiingereza, lugha ambayo kila mtoto wa Garissa anafanyia mtihani. Waingereza nao waliazima neno lao kuu la furaha, joy, kutoka kwa Wafaransa, waliolitoa kwenye Kilatini, gaudium. Neno lao lingine, happy, lilikuwa na maana ya bahati tu, kama Ayan wetu. Lakini neno linalonigusa ni lile ambalo Wakenya wote wanalijua kwa sababu za siasa: Jubilee. Asili yake ni Kiebrania, yobeli, kondoo dume, na kwa hiyo pembe ya kondoo iliyopulizwa. Ni neno la wafugaji. Sheria yake iko katika sura ya 25 ya Mambo ya Walawi: kila mwaka wa hamsini pembe ipulizwe, mtumwa aachiwe, na aliyepoteza ardhi ya ukoo wake airudie. Baadaye Kilatini kilikuwa na kitenzi chake cha kupiga kelele za shangwe, na maneno mawili yaliyofanana kwa sauti yakachanganyika, hadi deni lililofutwa likasahaulika ikabaki shangwe.

Kenya ilitimiza miaka 50 ya uhuru Desemba 12, 2013, chini ya serikali ya muungano uliojiita kwa jina hilo. Mwezi Mei mwaka ule ule, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikuwa imekabidhi ripoti yenye kurasa nyingi juu ya Wagalla na Bulla Karatasi. Kwa kipimo cha Walawi, ulikuwa ndio mwaka wa kurudisha. Kilichofika kaskazini mashariki mwaka huo ni ugatuzi, na si kitu kidogo. Mji wa Wajir ulipata lami yake ya kwanza baada ya hapo, nusu karne baada ya bendera kupandishwa. Fidia ya Wagalla haikufika.

Kulikuwa pia na suala la kitambulisho. Tangu zamani, kijana Mkenya wa jamii ya Kisomali alipigwa msasa kabla ya kupewa: aje na wazazi, aje na wazee wa ukoo, asimame mbele ya kamati aulizwe babu wa babu yake alizikwa wapi. Mwaka 1989 serikali iliwakagua Wasomali wote na kuwapa waliokubaliwa kadi ya waridi, juu ya kitambulisho ambacho Mkenya mwingine alitosheka nacho. Bila kitambulisho hupati laini ya simu, huajiriwi, huvuki kizuizi cha polisi. Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuufuta utaratibu huo wa msasa kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Wako waliolalamika sehemu nyingine za nchi kwamba usalama utalegea. Huku kaskazini ilipokewa kwa namna habari kubwa zinavyopokewa siku zote: kwa shukrani, na kwa swali la kama kuna mtu ambaye ameshakishika kitambulisho chenyewe mkononi.

Mahali ambapo furaha ya huku haijizuii ni harusini, upande wa wanawake. Kuna utungo unaoitwa buraanbur, nao ni wa wanawake. Mwanamume haruhusiwi kuingia. Mtunzi husimama katikati, ngoma inamfuata, wenzake wanapiga makofi, na anayeguswa na ubeti anaruka uwanjani akicheza huku shashi imeshikwa mikono yote miwili mgongoni. Ndani ya beti anasifiwa bibi harusi na mama yake, nyanya zake hutajwa kwa majina, ukoo wa bwana unapewa heshima yake na, ikibidi, onyo lake. Kisha vigelegele, ambavyo Kisomali huviita mashxarad, vinapasua usiku wa mtaa mzima. Mtunzi hodari hutunga papo hapo. Akimwona mgeni mashuhuri ameingia, anamwingiza kwenye ubeti kabla hajaketi. Anayesifiwa hutoa tuzo.

Hayo hurushwa moja kwa moja kwa simu siku hizi. Saa tatu za usiku Garissa ni adhuhuri Minneapolis, ambako maelfu ya Wasomali wamejenga maisha, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za Dadaab zilizofunguliwa mwaka 1991. Shangazi wa bibi harusi yuko huko, kwenye mapumziko ya kazi, ameegemeza simu kwenye kikombe. Jina lake likitajwa, mpwa aliyeshika simu huku Garissa hupaza sauti kumjulisha mtunzi kwamba eedo amesikia, na tuzo yake huwa imeshaingia kabla ngoma haijabadilika.